Bi Tone na Rangi Zilizomkimbia

Saa kumi alasiri ya tarehe 30 Novemba, baada ya miaka thelathini na tatu na miezi minne ya utumishi, mkuu wa maabara ya kiwanda chetu cha rangi atavua aproni yake, ataitundika nyuma ya mlango, na kesho yake hatarudi kuivaa. Kwenye faili la ofisi ya utumishi ana jina lake, la baba yake na la babu yake. Humu ndani majina hayo hayana kazi. Kuanzia mlinzi wa getini hadi mkurugenzi, sote tunamwita Bi Tone.

Wageni hudhani tulimpa jina hilo kwa sababu ya umbo lake dogo. Hapana. Miaka ya mwanzo, wakorogaji walikuwa wakimwita aje kutazama pipa la lita mia tano ambalo rangi yake imegoma kukaa sawa. Alikuwa akisimama ukingoni, mikono nyuma, kisha anasema: ongezeni tone moja la nyeusi. Watu walicheka. Tone moja kwa pipa zima? Wakitia, rangi inatulia. Tuseme ukweli, tone lake mara nyingine lilijaa kikombe cha chai, lakini jina lilikwisha kushika.

Alianza kazi tarehe mosi Agosti, akiwa na miaka ishirini na sita, kwenye meza ya kubandika lebo. Kopo linakuja, unabandika, linakwenda. Wiki ya tatu akalizuia kopo moja. Akazuia la pili. Makopo yakarundikana, msimamizi wa zamu akaja mbio kuuliza kulikoni, na yule binti wa lebo akamweleza kwamba rangi ya maziwa iliyopakwa juu ya vifuniko haikuwa moja. Mengine yalikuwa maziwa, mengine yalikuwa maziwa yaliyoonjeshwa chai. Msimamizi alitazama asione kitu. Akaitwa mkuu wa maabara wa enzi hizo, mzee mkali ambaye hacheki hata kwenye picha za kiwanda. Naye alitazama, akachukua makopo mawili akaenda nayo dirishani, akarudi. Yule binti akaambiwa tu aache lebo amfuate.

Huko maabara alimpangia mezani kadi kumi na mbili za kijivu, zikiwa zimevurugwa, akamwambia azipange kutoka nyepesi hadi nzito, kisha akageuka ili ajimiminie chai. Alipogeuka tena na kikombe mkononi, kadi zilikuwa zimepangwa. Kufikia Jumatatu Bi Tone alikuwa na aproni ya maabara, kubwa kumshinda, imekunjwa mara mbili kiunoni.

Hadithi zake za miaka iliyofuata zingejaza kijarida hiki chote. Kuna mama mmoja wa makamo aliyeleta kifungo cha gauni la marehemu mama yake, akataka chumba chake cha kulala kipakwe rangi hiyo. Bi Tone alikaa na kifungo siku mbili. Yule mama alipofunguliwa kopo, alivuta kiti akakaa, akaomba maji ya kunywa. Kuna pia ile asubuhi ya Jumamosi ambapo pipa la kijani kibichi lilimrushia rangi sikio zima la kulia saa chache kabla ya harusi ya mdogo wake. Alisugua mpaka ngozi ikawaka moto, kijani hakikubali kutoka. Kwenye picha zote za harusi ile anaonekana upande wa kushoto tu.

Na kuna habari ya mashine. Miaka kumi na sita iliyopita kiwanda kilinunua mashine ya kusoma rangi. Unaiwekea kadi, inakwambia umetia nini na umepunguza nini. Wakashindanishwa, yeye na mashine, kwa rangi tatu. Bi Tone alishinda mbili. Ile ya tatu alisema hana hakika kama mashine imepata au imebahatisha. Kisha akaifunika kitambaa, juu ya kitambaa akaweka kikombe cha kalamu, na ikakaa hivyo kwa miaka, ikiwashwa pale tu mkurugenzi alipopita na wageni.

Kisukari kilimkuta akiwa na miaka arobaini na saba. Kiligunduliwa hapa hapa kazini, siku muuguzi alipokuja kuwachoma wafanyakazi wote vidole kwa zamu. Bi Tone alikichukulia kama mpangaji mkimya wa chumba cha uani: yupo, hasumbui, basi. Vidonge alipewa. Mumewe, ambaye ni fundi saa na mtu wa kufuata dakika, alimkumbusha kila siku, naye alimeza pale alipojisikia kumeza. Hakuumwa mahali popote. Kwa nini ajisumbue na ugonjwa usiouma?

Tukikaa leo tukakumbuka, dalili tunaziona. Mwaka wa nne wa kisukari chake alibadilisha taa za sanduku la kutazamia rangi mara tatu, akilalamika kwamba taa za siku hizi ni hafifu. Aligombana na muuzaji wa rangi za kukolezea, akidai bluu yake imechakachuliwa. Aliwahi kujikwaa kwenye ngazi ya kuelekea stoo, ambayo amepanda na kushuka maisha yake yote, kwa sababu kulikuwa na mawingu na ngazi yote aliiona kijivu. Sisi tuliona ni fundi mkubwa anayezidi kuwa na madai. Tulimwachia.

Ndipo ikaja kazi ya kliniki ya mama na mtoto. Walitaka bluu nyepesi, ile ya mbingu ya asubuhi, makopo mia mbili na arobaini, kwa korido ndefu inayopitia wodi zote. Tuliitengeneza kwa mikorogo miwili. Mkorogo ni rangi inayochanganywa mara moja katika pipa moja. Bi Tone aliikagua yote miwili kwa macho yake na kuipitisha. Wiki mbili baadaye fundi mkuu wa wapakaji alifika mapokezi, akaweka makopo mawili juu ya kaunta na kusema hana ugomvi na mtu, anaomba tu mtu aende naye akaone. Korido ilianza ikiwa mbingu. Ilipofika mlango wa wodi ya tatu iligeuka maji ya dimbwi.

Bi Tone aliitwa kutazama makopo yale mawili. Aliyatazama kwa utulivu wake wa siku zote, akasema yote ni bluu ile ile ya sampuli. Kauli yake ilitosha. Kama rangi ya maabara ilikuwa sawa, basi makopo yalichanganywa na ya mteja mwingine ghalani. Na mtunza ghala nilikuwa mimi ninayeandika haya.

Nilikuwa na miaka miwili tu kazini, na mke wangu alikuwa mjamzito wa mtoto wetu wa pili. Nilipewa barua ya kunitaka nieleze ndani ya siku tatu kwa nini nisiachishwe kazi. Niliisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nikiwa nimekaa, haikubadilika. Ghala nililijua kama kiganja changu. Nilijua sikuchanganya kitu. Lakini kati ya jicho la Bi Tone na neno langu, hata mimi mwenyewe ningeliamini jicho.

Nilipiga moyo konde nikamfuata maabara, nikamwomba kwa heshima zote atazame tena. Hakukasirika. Alifungua makopo, akachovya vijiti viwili, akaenda navyo dirishani, akakaa huko muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

"Ndugu yangu," akaniambia, "ningekuwa naona tofauti ningekwambia. Sioni."

Niliondoka nikijua unga umemwagika. Kumbe neno lile la mwisho lilibaki naye. Alikuja kunisimulia baadaye kwamba alilibeba hadi nyumbani, akala nalo, na mumewe alipomuuliza ana nini, alimjibu kwamba kuna mtu amemwomba aone kitu, naye hana hakika kama kitu hakipo au jicho ndilo halipo.

Asubuhi iliyofuata alifika kabla ya zamu. Alichukua ubao mmoja, akaupaka nusu kwa kopo la kwanza na nusu kwa kopo la pili, rangi zikagusana katikati bila mstari, akasubiri zikauke. Alitazama chini ya taa. Alitazama dirishani. Akautoa ubao nje, akautazama juani. Ubao ulikuwa wa rangi moja.

Mama wa usafi alikuwa anapita na ndoo yake. Bi Tone akamsimamisha na kumuuliza ule ubao una rangi ngapi. Yule mama alidhani ni mtego, maana Bi Tone alikuwa na tabia ya kuwatania watu kwa maswali ya rangi. Akatua ndoo.

"Bi Tone, na wewe kwa utani. Hii si bluu? Na hii si kijani?"

"Inaanzia wapi hiyo kijani?"

Mama wa usafi alinyoosha kidole na kukipitisha katikati ya ubao, kutoka juu hadi chini, bila kusita hata kidogo.

Bi Tone alimshukuru. Alifunika makopo, akaosha brashi, akaitundika mahali pake, akaosha mikono. Halafu akapanda ngazi hadi kwa meneja wa uzalishaji na kumwambia kwamba barua ya mtunza ghala irudishwe, kosa si la ghala. Meneja alidhani anamkingia kifua mwenzake kwa huruma. Akamweleza kwamba moyo wake mzuri anaujua, lakini kazi ni kazi. Bi Tone akamwomba achukue kadi sita za bluu na kijani kutoka kwenye droo yake mwenyewe, afiche majina, ampangie mezani. Alikosa nne. Meneja aliziacha kadi pale pale, akaenda kufunga mlango, kwa sababu hakutaka mtu mwingine aone mwanamke yule akilia ofisini mwake.

Kabla ya mapumziko ya mchana barua yangu ilikuwa imefutwa. Bi Tone alikuja ghalani mwenyewe kuniambia, akageuza ndoo tupu akaikalia, mkuu wa maabara mzima, kati ya marundo ya makopo. "Nilikuumiza kwa sababu niliyaamini macho yangu kuliko nilivyokusikiliza wewe," akasema. "Nisamehe." Nadhani nilimuuliza kama anataka kiti.

Safari ya hospitali haikuwa fupi. Kliniki ya kwanza ya macho ilimpa ubao wa herufi, akazisoma zote hadi mstari wa chini kabisa. Wakampiga picha ya ndani ya jicho, mishipa ya damu ikaonekana safi, haivuji wala haijaziba. Wakamwambia macho ni mazima, umri tu, anunue miwani ya kusomea. Alijaribu kueleza kwamba herufi anaziona, rangi ndizo zinamkimbia. Wakamwambia arudi baada ya mwaka.

Watu wengi wangeshika hilo neno "mazima" na kwenda nalo nyumbani. Bi Tone alikwishaona kidole kikipita katikati ya ubao, kwenye mpaka ambao yeye hakuuona. Alimchukua mdogo wake, yule wa harusi, ambaye ni mwalimu wa hesabu na hakubali jibu lisilo na njia, wakaenda hospitali kubwa zaidi. Huko walimpata daktari bingwa wa retina, yaani ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Alikuwa binti wa umri wa wanafunzi wa zamani wa yule mwalimu, na alikuwa na mazoea ya kuchora kila anachosema nyuma ya karatasi yoyote iliyo karibu.

Daktari huyu hakuanza na herufi. Alimpa Bi Tone vifuniko vidogo vya rangi avipange kwa kufuatana, kazi ambayo zamani angeifanya huku akipiga soga. Bluu na kijani zikavurugika. Akamsomesha herufi zilizofifia, kijivu juu ya kijivu, akaishia njiani. Mwisho alimweka mbele ya mashine inayopima unene wa retina, tabaka kwa tabaka, na hapo ndipo jibu lilipokaa. Tabaka la seli za neva lilikuwa limekonda.

Akachora. Retina, alisema, ni kama nyumba. Ina mabomba, ambayo ni mishipa ya damu, na ina nyaya za umeme, ambazo ni neva. Kila mtu anajua kwamba sukari ikikaa juu kwa muda mrefu huharibu mabomba, na ndiyo maana picha nyingi hutafuta uvujaji. Ila sukari huchosha nyaya pia, na kwa baadhi ya watu nyaya huanza kudhoofika mabomba yakiwa bado yanaonekana mazima. Mtu kama huyo anasoma herufi vizuri. Kinachopungua ni rangi, vivuli, na kuona mahali penye mwanga hafifu. Wengi hawagundui, kwa kuwa si wengi ambao kazi yao ni kutofautisha bluu na bluu.

Bi Tone aliuliza swali moja tu, kama zitarudi.

"Zilizokufa hazirudi, mama, sitakudanganya," daktari akasema. "Lakini zilizo hai bado ni nyingi, na hizo ndizo tunazozipigania kuanzia leo."

Mdogo wake anasimulia kwamba walipotoka walikaa kwenye benchi la nje kwa saa nzima. Bi Tone alilia akamaliza, akafuta uso, akasema ana njaa. Mwalimu akajua kwamba dada yake bado yupo.

Alirudi kazini na barua ya kuacha kazi. Meneja aliisoma, akaikunja, akamuuliza ni nani mwingine maabara anayejua kwa nini kijani fulani huiva siku ya pili, au kwa nini nyekundu haitiwi kabla ya njano. Hapakuwa na mtu. Miaka ishirini na minne ya ujuzi ilikuwa kichwani mwa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa amesimama mlangoni akiaga. Wakakubaliana hivi: Bi Tone abaki mkuu wa maabara, jicho la mwisho liwe la mtu mwingine, na mtu huyo atengenezwe na yeye.

Alimchagua mfungashaji mmoja aliyekuwa na miaka thelathini na minane, mwanamke tuliyemwita Kimya kwa sababu unaweza kufanya naye zamu nzima usisikie sauti yake. Tulishangaa. Bi Tone alisema amemwona mara nyingi akirudisha makopo yenye vifuniko vilivyopakwa vibaya bila kumwambia mtu, na kila mara alikuwa sahihi.

Mafunzo yao yalikuwa kichekesho cha kiwanda. Bi Tone hakuweza tena kuamini alichokiona, kwa hiyo Kimya alilazimika kusema. Bi Tone aliuliza anaona nini, Kimya akajibu bluu. Bluu gani? Kimya. Bluu iliyofanyaje? Kimya. Wiki ya tatu tukiwa nje tulisikia sauti ngeni ikisema kwamba hii ni bluu iliyonuna, na ile ni bluu iliyokunywa maziwa, na Bi Tone akijibu kwa furaha kwamba iliyonuna iongezwe nyeupe na kiasi kidogo sana cha nyekundu. Mmoja akawa macho, mwingine akawa kumbukumbu, na rangi zikaanza kutoka. Ilikuwa wiki hiyo hiyo Bi Tone alipoitoa ile mashine kitambaa, akaifuta vumbi, na wakorogaji wawili wanaapa kwamba walimsikia akiisalimia. Tangu hapo hakuna mkorogo unaotoka hapa bila saini ya watu wawili na kipimo cha mashine. Utaratibu huo ni wake, aliuandika kwa mkono wake. Kwa miaka tisa hakuna korido iliyorudi.

Upande wa kisukari, mpangaji wa uani akaanza kusimamiwa. Vidonge vilimezwa kwa saa ya fundi saa. Presha ilipimwa. Kila mapumziko ya mchana Bi Tone alizunguka uzio wa kiwanda mara tano kwa miguu, kwanza peke yake, kisha na mama wa usafi, kisha na kundi zima, hata mlinzi wa getini akaanza kutuhesabia mizunguko na kutukatalia pale tulipotaka kuiba mmoja.

Nisiseme kwamba ilikuwa njia iliyonyooka. Mwaka wa tatu alichoka. Alikuwa amejitahidi kweli kweli, na bado kipimo cha jicho kilionyesha kwamba tabaka lile limepungua kidogo. Akaona jitihada yote ni bure. Akaacha kuzunguka, akaanza kusahau vidonge kwa makusudi, na sukari ikapaa. Mumewe alibembeleza, mdogo wake alifoka, hakuna aliyemsogeza. Kimya ndiye aliyefunga mlango wa maabara siku moja na kumwambia maneno ambayo Bi Tone ameniruhusu niyaandike.

"Mimi sijamaliza kujifunza. Ukiyaacha macho yako yafe, unaniacha na mimi njiani. Kama hutaki kuzunguka kwa ajili yako, zunguka kwa ajili yangu."

Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa. Siku hiyo walizunguka wawili. Mwezi uliofuata Bi Tone alirudi kwa daktari, akabadilishiwa dawa, na akaelezwa kitu ambacho hakuna aliyemfafanulia vizuri mwanzoni: kwamba kupungua kule kidogo kulikuwa kidogo kweli, na kwamba bila jitihada zake huenda kungekuwa kukubwa. Tangu mwaka ule vipimo vyake vimekaa karibu mahali pamoja. Bluu na kijani bado zinamchanganya. Jioni anashika reli ya ngazi. Lakini anasoma gazeti, anatambua nyuso zetu kutoka mwisho wa uwanja wa malori, na mwaka jana alifuma sweta zima la mjukuu wake kwa kumuuliza jirani rangi za nyuzi na kumbishia majibu.

Kama angeishia hapo tungemshukuru kwa rangi. Hakuishia hapo. Alimwendea mkurugenzi na kumwomba kwamba upimaji wa kila mwaka wa wafanyakazi usiishie kwenye kuchomwa vidole, kila mwenye kisukari apimwe na macho pia, hata asiyelalamika. Mkurugenzi aliuliza ni wangapi. Bi Tone alikuwa na idadi kichwani: kumi na mmoja, na wengine ambao hawajijui.

Mwaka wa kwanza wa upimaji ule, dereva wetu mkongwe wa lori alipanga foleni akinung'unika. Alikuwa anamcheka Bi Tone kwamba mwenda kliniki hakosi ugonjwa. Yeye anaona kilomita mbili mbele, alisema, apimwe nini. Picha ilionyesha mishipa inayovuja katika jicho la kushoto, karibu kabisa na sehemu ya katikati. Alitibiwa kwa sindano na mwanga wa leza mapema, kabla giza halijaingia. Bado anaendesha. Amebaki vile vile mdomoni, ila kila mwaka siku ya kupimwa macho yeye ndiye wa kwanza kwenye foleni, na amejipa kazi ya kuwasukuma wengine waingie. Hadi sasa watu wanne humu ndani wamegunduliwa mapema. Wote wapo kazini, na wote watakuwepo tarehe 30.

Mimi siku hizi nasimamia usafirishaji. Mtoto aliyekuwa njiani wakati wa ile barua yuko darasa la tatu, na anamjua Bi Tone kama bibi wa rangi. Niliomba kuandika wasifu huu mwenyewe. Nilitaka watu waliokuja baadaye wajue kwamba aliyekuwa na jicho kali kuliko wote kiwandani alikubali mbele ya bosi wake kwamba jicho limemsaliti, ili kijana wa ghala abaki na kazi yake, na kwamba hakuna aliyemlazimisha. Angeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angejua.

Kimya anashika maabara kuanzia mwezi ujao. Ameomba radhi mapema kwamba hatatoa hotuba.

Nimemuuliza Bi Tone atafanya nini na siku zake. Mumewe anataka amsaidie dukani, mdogo wake anataka wasafiri, mjukuu anataka sweta la pili. Amewakubalia wote, isipokuwa siku za Jumatano. Yule daktari wa retina amemwomba akae nao kwenye chumba cha kusubiri, karibu na wagonjwa wapya, wale ambao wametoka kuambiwa habari ya kisukari na bado hawajui waulize nini. Hana kazi maalumu pale. Atakaa tu, na mtu akitaka kuzungumza atamkuta. Anaanza Jumatano ya kwanza baada ya kustaafu, kwa hiyo wale mliopanga kumtembelea siku hiyo, tafadhalini chagueni nyingine.

Bi Tone, asante kwa kila pipa ulilolisimamia, kwa kila mmoja wetu uliyemsukuma kupimwa, na kwa ile asubuhi uliyopanda ngazi kwenda kusema ukweli. Kiwanda hiki kitaendelea kutengeneza rangi, na tutajitahidi usizionee aibu. Tunakuombea miaka mingi yenye afya, na macho ya kuiona yote.